Kupoza seva kwa kisima cha maji ya chumvi: uzoefu wangu Mtwara

Chumba cha seva ninachokitunza kipo Shangani, mjini Mtwara, katika jengo ambalo ukikaa barazani usiku unaisikia bahari inapojaa. Ndani mna seva tatu, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, swichi mbili za mtandao na betri za akiba, mzigo unaokula takriban wati 900 kwa jumla, na kwa miaka mingi vyote vilitegemea kiyoyozi kimoja cha ukutani. Upepo wa chumvi uliyala majani ya alumini ya mtambo wake wa nje hadi yakawa yanavunjika kama jivu nikiyagusa kwa kidole. Kila baada ya miezi michache fundi friji alikuja, akaziba tundu, akajaza gesi na kuondoka na fedha zetu.

Hata hivyo, siku nilipoifungua seva iliyotufia katikati ya kaskazi, sikukuta dalili ya kuungua. Nilikuta kutu ya kijani kwenye viungio vya shaba na vumbi lenye unyevu lililogandamana kwenye feni. Chumba kilikuwa na baridi ya kutosha, ila kila mlango ulipofunguliwa hewa ya pwani iliingia na chumvi yake, ikakutana na ubaridi ule, ikaacha maji.

Ndipo nilipoanza kusoma kuhusu vituo vya data, yaani maghala ya seva nyingi, vilivyozamishwa baharini. Mwaka 2018 Microsoft, katika mradi wake uitwao Natick, ilizamisha karibu na visiwa vya Orkney, Uskoti, mtungi wa chuma wenye seva 864, katika kina cha mita 36 hivi. Ulikaa chini miaka miwili bila mtu kuugusa, ukaopolewa Julai 2020 ukiwa umefunikwa na mwani na viumbe vingine vya baharini, na hesabu ikaonyesha kwamba seva zake ziliharibika kwa kiwango cha moja ya nane tu cha zile zilizoachwa nchi kavu kwa kulinganisha. Upozaji wenyewe ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani: maji ya bahari yalipitishwa katika rejeta nyuma ya makabati ya seva, kisha yakarudishwa baharini. Kampuni ilithibitisha mwaka 2024 kwamba haiendelei kujenga vituo vya namna hiyo, ingawa China nayo imezamisha vyake katika bahari ya Hainan.

Wengi husoma habari hiyo wakaona maji ya baridi. Mimi niliona zaidi ule mtungi uliofungwa. Wahandisi wenyewe walidhani kwamba siri ilikuwa nitrojeni kavu iliyojazwa ndani badala ya hewa ya kawaida, pamoja na kutokuwapo kwa watu wa kugonga na kutikisa vifaa. Bahari yetu haina ubaridi wa Orkney, na mimi sina meli wala wazamiaji, lakini kufunga chumba kulikuwa ndani ya uwezo wangu.

Niliziba dirisha kwa tofali, nikapaka kuta rangi ya mafuta, nikaweka mpira kuzunguka mlango na kuleta kifaa kidogo cha kufyonza unyevu kinachofanya kazi saa chache kwa siku. Nitrojeni niliiacha. Fundi friji anayo mitungi yake ya kupimia uvujaji, na aliponisikia nikiulizia bei alinikatiza: «Kaka, hiyo haina harufu, ukiingia humo hutatoka.» Alisema kweli, kwa sababu gesi hiyo huondoa oksijeni bila mtu kuhisi chochote.

Likabaki joto. Uani tuna kisima cha zamani, kipana, chenye maji ya chumvi ambayo hakuna anayeyanywa, na nilipokipima asubuhi na jioni kwa wiki nzima kipimajoto hakikuondoka kwenye nyuzi 27. Nilinunua mzingo wa mita 100 wa bomba jeusi la plastiki, nikauzamisha kisimani, nikauunganisha na rejeta ya gari iliyotumika niliyoifunga nyuma ya kabati la seva pamoja na feni mbili. Ndani ya bomba hupita maji ya mvua, yasiyo na chumvi, yaliyochanganywa na kulanti, ile dawa ya rejeta za magari. Yale ya kisima hayaingii kabisa, hivyo chumvi haigusi rejeta wala pampu. Pampu hula wati 40 hivi, na husukuma lita sita kwa dakika, kiasi ambacho kwa mzigo wetu huyafanya maji yatoke kwenye rejeta yakiwa yamepanda nyuzi mbili tu. Ujazo mmoja wa maji hubeba joto zaidi ya mara elfu tatu ya ujazo huohuo wa hewa, ndiyo maana bomba jembamba linatosha.

Siku ya kwanza nilifurahi mno. Siku ya tatu kisima kilikuwa nyuzi 33, na hewa ya chumbani ilikuwa imevuka 36. Nilikuwa nimekichukulia kisima kana kwamba ni bahari, nikasahau kwamba bahari ina mikondo ilhali kisima ni pipa lililozungukwa na udongo. Tena nilikuwa nimeuning'iniza mzingo karibu na uso wa maji, mahali ambapo maji ya moto hukusanyika.

Aliyenielekeza ni mzee mmoja wa Mikindani, mchimba visima, ambaye nilimwamkia na kumweleza shida yangu nikitarajia anicheke. Alichungulia chini, akauliza kama kuna anayeteka. Nilipomjibu kwamba hakuna, akasema: «Mwanangu, maji yasipotekwa hulala. Yateke ya juu, ya chini yatakuja yenyewe.»

Nilishusha mzingo hadi karibu na sakafu ya kisima, kisha nikaweka pampu nyingine inayovuta maji ya juu, lita 2,000 kwa siku, kwa ajili ya vyoo na kuoshea sakafu. Yanayozidi huenda kwenye shimo la upande wa pili wa ua, mbali na kisima, yasije yakarudi yakiwa bado moto. Tangu hapo kisima husimama kati ya nyuzi 28 na 30. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, joto lake hushuka kidogo, kwa kuwa kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata bahari na maji mapya huingia. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mimi huongeza muda wa kuvuta.

Chumba chenyewe sasa huwa nyuzi 31 hadi 33. Wakubwa wa ofisi walipoingia mara ya kwanza walitoka wakijipepea na kudai kwamba mfumo umeshindwa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba chumba cha seva lazima kiwe kama jokofu. Nikawaonyesha kitabu cha watengenezaji, kinachoruhusu hewa ya hadi nyuzi 35, nikawaeleza pia kwamba rejeta yenye maji ya nyuzi 30 haiwezi kutoa umande kama kilivyofanya kiyoyozi. Kiyoyozi kile nimekibakiza ukutani, kimewekwa kujiwasha joto likifika 34.

Matengenezo nayo nimeyapunguza kwa makusudi. Mlango hufunguliwa mara moja kwa mwezi, asubuhi ya upepo mtulivu, ili kufuta rejeta, kuangalia kiwango cha kulanti na kumwaga maji ya kifyonza unyevu. Kazi nyingine zote nazifanya nikiwa nje, kupitia mtandao. Mwezi Machi diski moja ilikufa. Nilihamishia kazi zake kwenye seva nyingine nikaiacha palepale, na niliibadilisha siku ya zamu yangu ya kawaida, wiki tatu baadaye.