Karatasi Tuliyowapa Wagombea wa Wadi

Jumamosi ya Julai 30, 2022, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, tuliwaalika wagombea wa wadi katika ukumbi wa kanisa mtaani Manyatta, Kisumu. Sisi ni vijana tunaotengeneza kompyuta na kuwafundisha watu kuzitumia. Tulikuwa na maswali mawili tu, yamechapwa kwenye karatasi moja. La kwanza: je, utapinga hadharani serikali ikizima intaneti? La pili: je, utataka programu zinazonunuliwa kwa pesa za umma ziwe huria, yaani mtu yeyote aweze kuzitumia, kuchunguza zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wenzake? Chini yake paliachwa nafasi ya jina na sahihi.

Mambo haya kwingine yameshafika kwenye sanduku la kura. Huko Sweden, Chama cha Maharamia, kilichoanzishwa 2006 kutetea uhuru wa mtandaoni, kilipata asilimia 7.1 ya kura za Bunge la Ulaya 2009. Mwaka wa 2017 shirika la Free Software Foundation Europe lilianza kampeni ya kudai kwamba programu iliyolipiwa na umma iwe ya umma. Hapa kwetu sikuona haja ya chama kipya. Mwakilishi wadi tunamjua kwao, tunakutana naye matangani na harambee. Ahadi yake ina mahali pa kudaiwa.

Bahati ni kwamba siku tuliyoipanga iliangukia kwenye moto. Ijumaa yake, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilikuwa imeipa Facebook siku saba iondoe matamshi ya chuki, la sivyo isimamishwe. Tume ilikuwa na sababu. Shirika la utetezi la Global Witness na wenzao walikuwa wameijaribu kampuni hiyo kwa kuwasilisha matangazo ya uchochezi, ya Kiingereza na ya Kiswahili, nayo yakakubaliwa. Joe Mucheru, waziri wa mawasiliano wakati huo, alijitokeza kusema serikali haitafunga mtandao, lakini pale ukumbini habari iliyokuwa imeenea ni ile ya siku saba.

Mgombea wa kwanza alisaini kabla ya kuketi, akapigwa picha nasi, akaenda kwenye mkutano mwingine. Sahihi ya namna hiyo siithamini. Mtu hawezi kutetea kitu ambacho hakukisoma.

Aliyenigusa ni mama mmoja aliyekuwa akigombea bila chama, mfanyabiashara wa omena. Alivaa miwani, akasoma karatasi mstari kwa mstari huku kidole kikifuata maneno, kisha akaifunika kalamu na kuiweka mezani.

"Wanangu," akasema, "Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, duka la dada yangu lilichomwa. Kabla ya hapo simu zilikuwa zinalia usiku kucha, ujumbe baada ya ujumbe, fulani wanakuja, fulani wameua. Mnataka nisaini kwamba mtandao usizimwe hata watu wakianza kuchinjana? Hapo sisaini."

Hakuna aliyepiga makofi wala kumzomea. Hilo ndilo swali zito kuliko yote katika jambo hili, na anayepigania uhuru wa intaneti bila kulijibu hajafanya kazi yake.

Nilimjibu nilivyoweza. "Mama, Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni hazikuweza kutuonyesha yaliyokuwa yanatokea, na uvumi ndio ukashika usukani." Nikamweleza kwamba siku chache baadaye Wakenya wenzetu walitengeneza programu iitwayo Ushahidi, ambapo mtu alituma alichokiona kwa macho yake kikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo waliitoa huria, ndiyo maana Haiti ilipopigwa na tetemeko 2010, watu waliweza kuitumia kutafuta waliohitaji msaada.

Alisikiliza kwa adabu, lakini kalamu haikuguswa.

Mwendesha boda boda aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyefungua mjadala. "Samahani mama. Januari 30, 2018, Baba Raila Odinga akiapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, wewe uliona kwa kitu gani?"

Ukumbi mzima ukaguna. Kisumu nani amesahau? Televisheni za Citizen, KTN na NTV zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe, bado serikali ikakaa siku kadhaa bila kutii.

"Niliona kwa simu ya kijana wangu," mama akajibu polepole. "Bando nilimnunulia mimi."

"Sasa wangezima na simu?"

Hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Haya, nielezeni hilo la pili."

Mwalimu mmoja alilianza kwa yaliyompata. Shule yao, upande wa Ahero, ilipewa kompyuta na wafadhili. Leseni za programu zilipoisha muda, kila mashine ikiwashwa ilidai namba ambayo hakuna aliyekuwa nayo, na pesa za kununua nyingine hazikuwepo. Watoto wakajifunza kibodi kwa kuichora kwenye katoni. Kikundi chetu kilienda na flashi yenye Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, tukaiweka mashine baada ya mashine, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipia leseni. Mwalimu alipokuwa akieleza vile watoto waling'ang'ania viti siku ile, alishindwa kuendelea kwa furaha.

Ndipo mzee mmoja, ambaye nilidhani amesinzia, akanyanyua fimbo yake. "Kumbe mnaongea ile fungua seva!"

Watu wakacheka, lakini mzee hakuwa anatania. Baada ya uchaguzi wa 2017, kilio cha kufungua seva, yaani kompyuta zilizohifadhi matokeo ya kura, kilisikika kila kona ya mji huu. Mahakama ya Juu iliiamuru tume ya uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe, tume haikutimiza inavyopaswa, na Septemba 1 majaji wakaufuta uchaguzi wa urais. Najua kukagua seva na kusoma programu ni mambo mawili tofauti: la kwanza linakuonyesha kilichorekodiwa, la pili linakuonyesha mashine inavyohesabu. Dai lake ni moja hata hivyo. Kinachotuhesabia kura, kodi na dawa za hospitali hakifai kuwa siri ya muuzaji. Nilikuwa nimebeba maelezo marefu kuhusu leseni na haki za kunakili, nikayaacha mfukoni. Mzee alikuwa amewafikisha watu pale nilipotaka wafike, tena kwa siasa wanayoiishi.

Mama akaichukua kalamu. Swali la pili alilisaini moja kwa moja. La kwanza alilirudia kulisoma, akaongeza kwa mkono wake: "lakini anayechochea watu wauane akamatwe yeye, apelekwe kortini." Mwanafunzi wa sheria aliyekuwa nasi akamwambia Katiba yenyewe inasema hivyo: ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, na hapo hapo inasema ulinzi huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki.

"Basi Katiba na mimi tunaelewana," akasema, akatia sahihi.

Wenzangu wengine hawakupenda tuikubali karatasi iliyoongezwa maneno. Mimi niliipenda kuliko zote. Ilikuwa imepingwa, ikajadiliwa, ikabeba hofu ya mtu aliyeona moto, na bado ikasema mtandao usizimwe.

Hakushinda kiti. Miaka miwili baadaye, Juni 25, 2024, vijana walipokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilivurugika nchini, ilhali jana yake tu Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Jioni hiyo mama alinipigia simu. Hakutaka kujua kilichoharibika. Aliuliza kama bado nina ile karatasi tupu, isiyo na jina, kwa sababu kesho yake alikuwa anaenda kumwona yule aliyemshinda, na alitaka asaini mbele yake.