Saa sita ya Nairobi ni saa sita na nusu

Watu wengi hapa Nairobi wanaamini saa sita kamili mchana jua liko juu kabisa ya kichwa. Haliko. Simu ikisoma saa sita jua bado liko upande wa mashariki, linapanda, na ukichukua wastani wa mwaka mzima linafika kilele saa sita na dakika 33 hivi. Hizo dakika 33 ndizo zimenishika siku hizi, juu ndani yake kuna longitudo yetu yote, yaani tuko mashariki kiasi gani, na inaniuma kuona watoto wanakaririshwa ati Nairobi ni digrii 1 kusini na 37 mashariki, andika, tuendelee, na hakuna anayewaambia hiyo namba unaweza kuitoa mwenyewe hapo juu ya ploti kwenye nguo huanikwa, bila GPS.

Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, kwa hivyo digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika nne. Saa yetu ya Afrika Mashariki iko masaa matatu mbele ya Greenwich, maana yake imewekwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, na huo mstari haugusi Kenya popote, uko Somalia karibu na Mogadishu. Kwa hivyo sisi wote kutoka Mandera mpaka Busia tunaishi kwa jua la Mogadishu. Likishapita kule linakuja huku, Mombasa linafika kilele dakika kama 21 baada ya saa sita, Nairobi 33, Kisumu 41. Waislamu hii wanaijua vizuri kuliko sisi wengine, kwa sababu adhuhuri inaingia jua likianza kupinduka. Angalia ratiba ya swala ya msikiti wowote wa tao, utaona adhuhuri inacheza kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, ikifuata jua.

Kwa nini inacheza? Njia ya dunia kuzunguka jua si duara kamili, alafu mhimili wake umeinama, kwa hivyo jua mara linatangulia mara linachelewa. Mwanzo wa Novemba linatangulia ule wastani kwa dakika 16, katikati ya Februari linachelewa dakika 14. Jedwali la kusahihisha liko kila mahali mtandaoni, au lichapishe tu uliweke ukutani.

Sasa kifaa. Kivuli cha fimbo peke yake kinasumbua kwa sababu ncha yake ina ukungu, huwezi kusema kinaishia wapi. Dawa ni kufunga kadi juu ya fimbo, itoboe tundu dogo la ncha ya biro, tundu likae mita moja kutoka sakafuni. Jua likipita hapo linaangusha kiduara cha mwanga chenye upana wa karibu sentimita moja, hiyo ni picha ya jua lenyewe, na katikati yake unaweza kupaweka alama ya penseli bila wasiwasi. Sakafu ipimwe na pima maji, alafu ning'iniza timazi kutoka kwa tundu ndio ujue chini yake ni wapi hasa. Hapo ndipo kitovu chako. Na tafadhali jua lenyewe usiliangalie, kazi yote iko sakafuni.

Asubuhi unaweka alama kwa kiduara, unaandika saa, unachora duara kwa kamba kutoka kitovu mpaka hiyo alama. Alafu unangoja. Mwanga utaingia ndani ya duara, utapita, utatoka tena mchana, na ukigusa ule mstari unaandika saa. Katikati ya hizo saa mbili ndio kilele. Chukua siku ya katikati ya Februari, asubuhi saa tano na dakika 20, mchana saa nane na dakika 14. Katikati ni saa sita na dakika 47. Toa zile 14 za kuchelewa, unabaki na 33. Gawa kwa nne, unapata digrii 8.25, toa kwa 45, jibu 36.75 mashariki. Ukiwa unapimia Ngara hapa Nairobi, hiyo iko kama 36.82, kwa hivyo hesabu imekutupa Kawangware, kilomita nane hivi upande wa magharibi. Kwa fimbo na kadi! Mimi naona hiyo ni ajabu kubwa sana.

Latitudo ndio tamu zaidi kwetu, kwa sababu tuko karibu na ikweta na jua linatupita pande zote mbili. Juni 21 liko kaskazini, kile kiduara saa ya kilele kinaanguka sentimita 46 kusini ya kitovu. Desemba 22 linahamia kusini, kinaanguka kaskazini, lakini sentimita 40.7 tu. Mtu wa Nanyuki pale kwenye ikweta angepata sawa sawa. Zile sentimita tano ndizo zinasema tuko kusini. Ukigeuza zile 46 na 40.7 kuwa pembe (gawa kwa sentimita 100 za urefu wa tundu, alafu tan⁻¹ kwa kikokotoo) unapata digrii 24.7 na 22.1, tofauti ni 2.6, nusu yake 1.3, na hiyo ndiyo latitudo ya Nairobi, bila jedwali lolote. Jumlisha hizo pembe ugawe kwa mbili, 23.4, umepata pia mwinamo wa dunia nzima.

Usiku nyota ya kaskazini tusahau, huku imelala chini ya upeo. Tuna Suheli (Canopus), ile nyota inayong'aa kusini, ya pili kwa mwanga angani usiku baada ya Shira (Sirius). Iko digrii 52.7 kusini ya ikweta ya mbingu, yaani ikweta yetu ikichorwa angani. Katikati ya Februari inafika kilele saa tatu na dakika 20 usiku hivi, na kwa protrakta, mrija wa soda wa kuchungulia na uzi wenye uzito utaisoma digrii 38 na nusu kutoka upeo. Toa kwa 90, inabaki 51.5, tofauti na 52.7 ni 1.2, latitudo yetu tena. Lakini hapo mkono utulie, nusu digrii ni kilomita 55, ukiteleza kidogo uko Murang'a au Kajiado.

Mabaharia walijua latitudo hivi miaka mingi, longitudo ndio iliwatesa kwa sababu inataka saa. Uingereza mwaka 1714 iliweka zawadi ya pauni 20,000, na John Harrison, fundi seremala aliyejifunza saa mwenyewe, ndiye alitengeneza ile ya kutosha, iliyojaribiwa baharini kwenda Jamaica mwaka 1761. Sisi hiyo saa iko mfukoni na tunaitumia kuangalia matatu imechelewa kiasi gani.

Kuna mtu Mombasa na mwingine Kisumu? Tupime siku moja, hata jedwali hatutahitaji, tutoe tu saa zenu za kilele. Mkinipa tofauti ya dakika 20 hivi, hizo ni digrii tano, na huku ikweta kila digrii ni kilomita 111. Niandikieni tupange tarehe, Januari kukiwa na jua la uhakika.