Siku kumi na moja bila sailensa

Ilianza kwa tundu la kutu. Hapa Malindi chumvi haiachi chuma salama, na mimi gari nililaza karibu na bahari miaka yote. Kisha bomba la moshi likakatika chini ya kiti cha nyuma, sailensa ikabaki njiani. Fundi alifunga kipande kilichosalia kwa waya, akasema, "Hiyo ni kelele tu, bosi." Nilimwamini kwa sababu ndilo jibu nililolitaka; mwezi ulikuwa kwenye tarehe mbaya.

Kwa hiyo aibu yangu yote ikawa ya kelele. Nikipita Shela wakati wa Isha natia gia kubwa, nanyata kama mwizi, ila mwizi mwenye ngoma. Watoto wa mtaa wakanibatiza Tingatinga.

Jumapili nikaenda Mambrui kumchukua mama. Alikuwa na magunia mawili ya nazi, buti halikufungika, tukalikaza kwa kamba. Yeye akakaa nyuma. Mvua ikaanza, tukapandisha vioo.

Kwenye daraja la Sabaki mto ulikuwa umejaa, maji mekundu kama udongo wenyewe. "Mama, tazama mto." Kimya. Nilidhani kasinzia. Kichwa changu pia kilikuwa kikinigonga, nikalaumu njaa. Nikamwita tena, akajibu kwa ulimi mzito, "Niwate, nalala."

Mama yangu halali garini. Huwa anaendesha pamoja nami, breki anazikanyaga yeye.

Nikasimamisha gari, nikamtoa mvuani. Akatapika. Hospitali walimwekea oksijeni, na daktari akauliza swali moja: buti lilikuwa wazi? Gari likienda, hewa ya nyuma huvutwa kuingia ndani kupitia hapo, na moshi wangu ulikuwa ukitokea chini ya kiti chake. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu, na hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara mia mbili na ushei. Usingizi ule haukuwa usingizi. Na mimi siku zote hizo nilikuwa nikichunga masikio ya watu.

Gari liko uani, halitoki mpaka bomba lichomelewe lote, toka injini hadi mkiani.

Leo mama kapiga simu. Hakuuliza gari. Kauliza nazi zake nimezipeleka wapi.

Zi mumo butini bado.