Vyoo vya kukodi saiti: nilivyogundua watu wangu hawanywi maji

Kwa muda mrefu niliamini usimamizi wa saiti ni saruji, nondo na ratiba. Vyoo vilikuja mwisho kabisa. Nikakodi viwili vya plastiki kwa watu 45, nikavisukumia nyuma kwenye uzio ili wageni wasivione.

Siku ya kumwaga zege, dada mmoja wa kubeba ndoo aliishiwa nguvu juani. Nikamuuliza kama amekunywa maji. Hajagusa tangu asubuhi. Kwa nini? Akatazama chini. Mwenzake ndiye aliyejibu: "Bosi, ukinywa itabidi uende kule." Akaonyesha uzio kwa kidole.

Nikaenda mwenyewe. Mengine sisimulii, ila ile dawa ya bluu ya kuzuia harufu kwenye tangi la choo ilishakuwa kijani, maana yake imezidiwa, na komeo la mlango mmoja lilikuwa limekatika.

Niliwapigia simu wenye vyoo nikiwa nimefura, kumbe wa kulaumiwa ni mimi. Kipimo kinachotumika sana ni choo 1 kwa watu 10 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki, kikinyonywa mara 1 kila wiki. Mimi nilirundika zaidi ya 20 kwenye kimoja, tena siku sita. Isitoshe, lori la kunyonya lilikuwa linakuja Jumatatu asubuhi, saa ileile malori ya mchanga yameziba njia. Dereva akisubiri akachoka, anaondoka.

Nikaongeza vitatu na kuhamishia huduma Jumatano na Jumamosi. Kimoja kikawa cha wanawake peke yao, chenye komeo zima na pipa la taka lenye kifuniko. Vyote vya chini nikavisogeza karibu na kazi, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, mahali ambapo mpira wa kunyonyea wa lori unafika.

Kilichozua kicheko ni kile nilichopandisha ghorofa ya nne kwa kreni. Waache wacheke. Mafundi 12 wa juu walikuwa wanapoteza dakika 15 kila wakishuka, mara mbili kwa siku. Hizo ni saa 6 za kazi, kila siku.

Matangazo ya "tunza usafi" hayakusaidia kitu. Kilichosaidia ni kumpa kijana mmoja jukumu la kupita kila mchana kuangalia karatasi, sabuni na maji ya kunawa (saruji hula ngozi, kwa hiyo sabuni si anasa), na kushusha vifuniko. Kifuniko kikiwa chini, harufu hupandia kwenye bomba la hewa hadi juu ya paa. Kikiachwa wazi, inakupokea mlangoni.

Pipa la maji ya kunywa lilikuwa linarudi stoo jioni likiwa nusu. Siku hizi saa 8 mchana limekauka, na nimeagiza la pili.