Kona za shuka na bomba la kioo

Jumapili usiku.

Nimekuwa nikiwaza juu ya shule za uuguzi za zamani, zile zilizokuwa ndani ya uzio wa hospitali, bweni likiwa hatua chache tu kutoka wodini. Watu wakizikumbuka hutaja kofia zilizopigwa wanga, metroni, mkuu wa wauguzi, aliyetokea bila kusikika, na mlango wa bweni uliofungwa saa nne usiku. Mimi kinachonirudisha huko kila mara ni kitanda. Mwanafunzi alitandika vitanda kwa mamia kabla hajaruhusiwa kushika sindano, na kwenye kitanda hicho kimoja sheria zenye akili nyingi zililala ubavu kwa ubavu na sheria za kufurahisha macho. Hapo wodini hakuna aliyemwambia zipi ni zipi.

Kilitandikwa na watu wawili, mmoja kila upande, ili pasiwe na wa kuzunguka. Viti viwili viliwekwa miguuni pa kitanda, matandiko yakakunjwa juu yake moja baada ya jingine. Hayakugusa sakafu wala hayakukung'utwa, maana ukikung'uta shuka unarusha vumbi na vijidudu hewani, na huenda jirani yuko wazi anafungwa kidonda. Chini kulikuwa na shuka kubwa lililokazwa kama ngozi ya ngoma, katikati yake makintoshi, yaani shuka la mpira lisilopitisha maji, na juu ya mpira shuka la kati. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Lilikuwa refu kuliko upana wa kitanda, na urefu wote wa ziada ulichomekwa chini ya godoro upande mmoja. Mgonjwa akilowa jasho, huyu analegeza, yule anavuta, naye anapata kipande kikavu cha ubaridi bila kuinuliwa juu juu. Lakini mpira hauvuti jasho, kwa hiyo shuka hilo likiwa na mikunjo, au likibaki na chembe za mkate wa asubuhi, mtu asiyeweza kujigeuza ameshaanza safari ya kidonda cha mgandamizo.

Kona zilikunjwa kwa pembe ya nyuzi 45, na hapo sababu ipo: kona ya namna hiyo haichomoki mgonjwa akihangaika usiku. Ila aliyesifiwa kwa kukaza shuka la juu mpaka miguuni alikuwa anambana mgonjwa vidole. Kwa mtu aliyelala chali wiki kadhaa, uzito ule husukuma nyayo kwenda chini, kano ya kisigino hufupika, na siku ya kusimama hawezi kukanyaga vizuri. Ilitakiwa kuachwa mkunjo wa kulegeza juu ya vidole. Midomo ya foronya kutazama mbali na mlango? Hiyo ilikuwa kwa ajili ya macho ya metroni anapoingia. Magurudumu yote kuelekezwa upande mmoja ni hivyohivyo, ingawa nakubali kwamba gurudumu lililochomoza njiani humkwaza mtu gizani.

Kulikuwa pia na sheria iliyokuwa na sababu, lakini sababu yenyewe ilikuwa na kosa. Kila baada ya saa kadhaa mwanafunzi alipita na toroli lenye maji, sabuni, spiriti na poda. Mgongo, makalio, viwiko na visigino vilioshwa, vikasuguliwa kwa spiriti ili ngozi ikomae, kisha vikapakwa poda. Mgonjwa akitoka kidonda, wodi nzima iliona aibu. Sasa tunajua spiriti hukausha ngozi ikapasuka upesi, na kusugua mahali palipokwisha kuwa pekundu huumiza mishipa midogo ambayo tayari imebanwa na kukosa damu. Utafiti wa muuguzi Doreen Norton na wenzake huko Uingereza, uliochapishwa mwaka 1962, ulionyesha kwamba kinachosaidia ni kumgeuza mgonjwa, wala si dawa anayopakwa. Nadhani ndiyo maana raundi ile ilidumu miaka mingi hivyo: huwezi kumsugua mtu mgongo bila kumgeuza kwanza, kwa hiyo nafuu ilipatikana na sifa zikaenda kwa spiriti.

Chumba cha matayarisho nacho kilifundisha kwa ukali zaidi, kwa sababu huko kosa lilivunjika mbele ya macho yako. Bomba la sindano lilikuwa la kioo na lilitumika tena na tena mpaka mabomba ya plastiki ya kutupa yalipoenea. Baada ya kuchoma, lilisukumwa maji baridi papo hapo. Damu ikigandia ndani, maji ya moto huipika ikang'ang'ania kioo. Bomba na pistoni yake vilitenganishwa, vikafungwa kwa kitambaa visigongane, vikatiwa kwenye maji yangali baridi ndipo moto ukawashwa. Aina yenye pistoni ya chuma ndiyo iliyotia wengi hasara: ukiichemsha ikiwa imeunganishwa, chuma hutanuka kuliko kioo na bomba hupasuka. Aina iliyokuwa ya kioo chote, pistoni pia, nayo ilikuwa na kinyongo chake. Pistoni ya bomba moja haikuingia vizuri kwenye bomba jingine, kwa hiyo namba zilizochorwa juu yake zilipaswa kulingana. Ukichanganya, ama inakwama au dawa inavujia nyuma badala ya kuingia kwa mgonjwa.

Sindano zenyewe zilipitishwa waya mwembamba tunduni zisizibe, kisha ncha ikavutwa taratibu juu ya pamba. Ikinasa uzi hata mmoja, ina ndoano, nayo ilipelekwa kwenye jiwe la kunolea lenye mafuta. Mwanafunzi aliyeruka hatua ya pamba hakuumia yeye.

Dakika za kuchemsha zilihesabiwa tangu maji yalipotokota. Kosa la kawaida kabisa lilikuwa mtu kuja katikati na kudumbukiza koleo lake kwenye sufuria hiyohiyo, kisha kila mmoja akaendelea na hesabu yake ya zamani. Koleo lile limeingiza uchafu, na saa ilipaswa kuanza upya. Tena kuchemsha hakuui mbegu sugu za bakteria kama za pepopunda. Kazi hiyo ni ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, nao hufaa tu ikiwa gauzi hazikushindiliwa kwenye kopo mpaka mvuke ukose pa kupenya. Glavu zilioshwa, zikajazwa hewa na kuzamishwa majini. Palipotoka mapovu palitiwa kiraka. Halafu poda ndani na nje, ambayo baadaye ikagundulika kwamba ikiingia tumboni wakati wa upasuaji huacha uvimbe na kufanya matumbo yagandane.

Hesabu za dawa niziguse kidogo, maana huko ndiko hatari kubwa ilikojificha. Vipimo vilikuwa vya zamani: greni kwa uzito na minimu kwa ujazo wa maji. Vidonge vya mofini vya kuyeyusha vilikuwa, tuseme, vya robo greni, na daktari ameandika moja ya sita. Robo inaingia vipi kwenye moja ya sita? Moja ya sita ni theluthi mbili za robo: yeyusha kidonge katika minimu 15 za maji yaliyotakaswa, toa minimu 10, zilizobaki mwaga mbele ya shahidi. Mtu aliyechoka huona 6 ni kubwa kuliko 4, akadhani dozi imezidi kidonge, akaongeza cha pili.

Na walikuwa wamechoka. Shule ambayo Florence Nightingale aliianzisha katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860 ilieneza mtindo wa kujifunza ukiwa kazini, na hospitali nyingi zikauchukua kwa furaha kwa kuwa mwanafunzi alikuwa nguvu kazi ya bei nafuu. Metroni Rebecca Strong alijaribu kurekebisha huko Glasgow mwaka 1893 kwa kutanguliza masomo ya darasani kabla ya wodi. Marekani, ripoti iliyoandikwa na Josephine Goldmark mwaka 1923 ilikuwa bado inalalamika kwamba mahitaji ya hospitali yanameza masomo. Kwa mwanafunzi maana yake ilikuwa hii: zamu ya usiku, pengine yeye mmoja na msaidizi kwenye wodi ndefu ya vitanda 30, akitoka asubuhi anakabidhi, anakula, analala, kisha anaamshwa mchana kwa kipindi cha anatomia, anarudi kulala kwa muda wa saa mbili au tatu, na jioni anavaa aproni tena. Kipindi kile cha mchana ndicho kilichokuwa na sababu zote za shuka, spiriti na dakika za kuchemsha. Walikisikiliza wakiwa wanasinzia.