Koo la Mbao: Spika za Sinema Nilizozikuta Seoul

Seoul ni ghali kwa msafiri wa kutoka Unguja. Chumba nilichopanga kilikuwa kidogo hata sanduku nikalifungulia kitandani, na bei yake ingenilisha nyumbani kwa wiki nzima. Yote hayo niliyasahau nilipoingia Audeum, jumba la makumbusho ya sauti lililosanifiwa na Kengo Kuma na kufunguliwa mwaka 2024.

Nilisimama mbele ya honi ya 15A, bomba la mbao linalotanuka ili kukuza sauti ya spika, ambalo kampuni ya Kimarekani ya Western Electric ililitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kusema. Mdomo wake wa mraba unazidi mita moja kila upande, lakini ufundi wenyewe umo kooni: koo hilo huanza jembamba, hujikunja, na eneo la tundu lake huongezeka maradufu kila baada ya umbali uleule mpaka litokeze nje. Lingenyooshwa, nafasi ya nyuma ya pazia la sinema isingelitosha. Kuzipinda mbao nyembamba namna ile bila kuharibu hesabu ya kutanuka ni kazi ambayo fundi wa majahazi angeiheshimu.

Kijana aliyekuwa akituongoza aliniona nimeachwa na kundi, akarudi kunionyesha 555, kitoa-sauti kinachofungwa kwenye mwanzo wa koo. Watafiti Wente na Thuras wa maabara ya Kimarekani ya Bell Laboratories walikikamilisha mwaka 1926: kiwambo chembamba cha alumini, koili, na sumaku ya umeme ya volti 7. Amplifaya za enzi hizo zilitoa wati chache tu, ilhali kumbi zilijaa watu kwa mamia, hata maelfu; bila honi ya kuushika mtikisiko mdogo wa kiwambo na kuukabidhi hewani polepole, waliokaa nyuma wasingesikia neno. Kisha akaweka santuri ya mwimbaji wa kike, nami nikasikia hata alivyovuta pumzi.

Hapo nikaikumbuka sinema ya Majestic ya Vuga, Unguja, iliyojengwa mwaka 1955, ambako utotoni nilisikiliza nyimbo za Kihindi bila kujiuliza zinatokea wapi. Jengo tunalijua sote, na watu wazima bado wanazitaja filamu walizozitazama humo, lakini sijaona mahali popote kwetu palipohifadhiwa hata spika moja ya sinema zetu. Wakorea wameziokoa hizi zilizotoka Marekani na Ulaya, wakazipigia muziki, na wageni tunapanga foleni kuzisikiliza.