Lango Lile Lile, Ndumba Ile Ile

Jumapili, usiku

Nimetoka mezani na daftari lililojaa mistari iliyokatwa, na kabla usingizi haujanichukua nataka kuandika jambo ambalo nimelizungukia kwa majuma kadhaa bila kulitaja. Nimekuwa mjaribu mbaya wa kanuni kwa sababu ni mwendesha mchezo mwenye huruma. Sikuwa najua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kugongana.

Mmoja wa rafiki zangu anatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na mimi na wachezaji watatu ndio tunaoujaribu: kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja akiwa mganga, nami kama mwendesha mchezo husimulia kisa na kuwachezesha maadui. Yeye mwenyewe huwa hakai nasi, kwa makusudi, maana akiwapo hujikuta akieleza alichokusudia badala ya kuona alichoandika. Kila baada ya majuma mawili au matatu hutuletea rasimu mpya, nami humrudishia ripoti ya yaliyotokea. Silaha, mavazi ya vita na safari zimebadilika kidogo tu tangu tuanze; sehemu isiyotulia hata mara moja ni ile ya uchawi. Mezani kwetu tunaziita ndumba, kwa kuwa neno uchawi halikubali kuhesabiwa: ukisema mganga amebakiwa na uchawi mbili ulimi unajikwaa, lakini ukisema amebakiwa na ndumba mbili hakuna anayeuliza tena.

Nadhani sababu ya sehemu hiyo kutotulia ni kwamba upanga hufuata kanuni, ilhali ndumba ni ruhusa ya kuivunja kanuni. Ukuta humzuia kila mtu mpaka apatikane mwenye ndumba ya kupenya ukuta, na maiti hubaki maiti mpaka apatikane mwenye ndumba ya kumwinua. Kila ndumba ni sheria ndogo yenye masharti yake, umbali wake, muda wake na mtu wa kuilalamikia, na ukigusa neno moja ndani yake huwezi kujua ni mlango gani utakaofunguka upande wa pili wa kitabu.

Iliyonifundisha hayo ni Ndumba ya Usingizi. Katika rasimu ya pili ilikuwa hivi: mganga anarusha dadu tano za pande nane, anajumlisha, na jumla hiyo inakuwa kiasi cha pointi za uhai, yaani namba ya uimara wa kila mhusika, za maadui wanaolala, kuanzia aliye dhaifu zaidi. Hakuna anayepewa nafasi ya kujinusuru, yaani kurusha dadu yake ili kuiepuka ndumba. Wastani wa dadu hizo ni 22.5, na walinzi wa lango la ngome katika kisa chetu walikuwa watatu, kila mmoja akiwa na pointi 7, kwa hiyo jumla ya 21 ilitosha kuwalaza wote. Hilo hutokea takriban mara mbili katika kila tatu. Kikao cha nne mganga wetu alirusha, akapata 26, walinzi wakaanguka kama magunia, na kundi zima likaingia ngomeni kwa kunyata. Kila kilichofuata katika kisa, kuanzia barua waliyoiiba mpaka uadui na bwana wa ngome, kilitokana na mrusho ule mmoja.

Kisha ikaja rasimu ya tatu. Ndumba ya Usingizi ikabaki na jina lake, lakini sasa kila adui anarusha dadu ya pande ishirini, na akipata 13 au zaidi anabaki macho. Ukisoma haraka haionekani kuwa badiliko kubwa, kwa sababu adui mmoja bado ana uwezekano wa asilimia 60 wa kulala. Lakini langoni hawapo mmoja. Ni watatu, na mlinzi mmoja aliye macho anatosha kupiga kelele. Asilimia 60 ikizidishwa yenyewe mara tatu inabaki chini kidogo ya 22. Kazi iliyokuwa ikifaulu mara mbili katika kila tatu sasa inafaulu takriban mara moja katika kila tano. Kwa upande mwingine, bwana wa ngome mwenye pointi 60, ambaye zamani hakuweza kulala hata kwa bahati ya ajabu kwa kuwa dadu tano za pande nane hazivuki 40, sasa anaweza kudondoka katika zamu ya kwanza ya pambano. Ndumba hiyo haikupunguzwa nguvu wala haikuongezwa. Ilihamishwa kazi, kutoka kuwa silaha ya kupita kwenye kundi la wanyonge hadi kuwa kamari dhidi ya mkubwa mmoja, na jina lake halikumwambia mtu yeyote.

Ikatokea kwamba wachezaji walitaka kurudi ngomeni kupitia lango lile lile. Niliwasomea kanuni mpya kabla hatujaanza, kama inavyopasa, wakaitikia kwa vichwa, na hakuna aliyefanya hesabu niliyoifanya mimi hapa. Mganga akarusha ndumba yake, walinzi wawili wakabaki macho. Mchezaji wake akaweka kalamu chini na kuniuliza, bila hasira hata kidogo, "Walinzi ni wale wale, ndumba ni ile ile, mimi ni yule yule. Huku ndani kilichobadilika ni nini?"

Neno "huku ndani" ndilo lililonishika. Alikuwa haniulizi kuhusu karatasi ya mtunzi. Alikuwa anauliza kuhusu ulimwengu tunaoujenga pamoja, ambamo jana usingizi ulikuwa na sheria moja na leo una nyingine. Nami, kwa huruma yangu, nikabuni jibu papo hapo: baada ya tukio la kwanza, bwana wa ngome amewagawia walinzi wake talasimu za kuzuia usingizi. Wote wakafurahi, na mimi nikafurahi zaidi yao. Saa mbili zilizobaki zikaisha kwa kumsaka fundi anayetengeneza talasimu hizo, mtu ambaye hayumo katika rasimu yoyote, na kipengele tulichokutana kukijaribu hakikuguswa tena. Katika ripoti yangu niliandika kwamba rasimu ya tatu imepokewa vizuri na kwamba kikao kilikuwa na msisimko. Vyote viwili vilikuwa kweli, na havikuhusiana hata kidogo.

Kikao kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, ingawa aliyejua ni mimi peke yangu. Huwa narusha dadu za maadui nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu ili wachezaji wasizione. Mlinzi wa ghala alipata 16, yaani alikuwa macho kabisa, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amelala." Wachezaji wamekuja kwa usafiri wa mbali, wamechoka, kisa kinakwenda vizuri, nani ataumia? Katika mchezo wa kawaida nisingeona aibu, kwa kuwa waendesha mchezo wengi hufanya hivyo na wana hoja zao. Lakini sisi hatukuwa tumekaa pale kufurahi tu. Kanuni mbovu ilikuwa inajieleza wazi mbele yangu, nami nikaifunika mdomo, halafu nikampelekea mtunzi habari kwamba imekaa kimya.

Nimewaza sana kuhusu majaribio makubwa ya hadharani. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii hii uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, ulifunguliwa kwa wachezaji wa kawaida wajaribu rasimu zake kuanzia 2012, kabla ya toleo la 2014, kisha tena kuanzia 2022 kuelekea kitabu cha kanuni cha 2024. Katika awamu hiyo ya pili palikuwa na pendekezo la kuzikusanya ndumba zote katika orodha tatu kubwa, badala ya kila aina ya mhusika kuwa na orodha yake. Wachezaji wakalijaribu, na baadaye likaondolewa. Anayenunua kitabu leo haioni alama yake. Mengine yalipita: ndumba ya msingi ya kutibu majeraha ilikuwa ikirusha dadu moja ya pande nane katika daraja la kwanza, sasa hurusha mbili, na wastani umepanda kutoka 4.5 hadi 9 kabla ya nyongeza ya uwezo wa mhusika. Ndumba yao ya usingizi nayo imepita njia hiyo hiyo tunayopita sisi, kutoka jumla ya dadu tano za pande nane katika kitabu cha 2014 hadi kila adui kujinusuru mwenyewe katika cha 2024. Ninachojiuliza ni rasimu ngapi, kwenye meza ngapi, zilisifiwa kwa sababu mtu kama mimi aliketi nyuma ya kizuizi akizisaidia kusimama.

Kwa hiyo leo nimeondoa kizuizi. Nimewaambia wachezaji ukweli wote, pamoja na ile 16 ya mlinzi wa ghala. Mmoja alicheka, mchezaji mwenye mganga hakucheka, alisema tu kwamba alishuku. Nimewaomba tuliweke kisa kando kwa saa moja na kulirudia lango mara sita, mara tatu kwa kanuni ya zamani na mara tatu kwa mpya, walinzi wakiwa watatu wenye pointi 7 kila safari, dadu zote zikianguka katikati ya meza. Kabla ya kila mrusho mganga alitakiwa kusema anatarajia nini, nami niliandika matarajio yake kwanza na matokeo baadaye. Huo utaratibu wa kuandika matarajio ni wangu mwenyewe, na kusema kweli ndio pekee katika mambo yote haya ninaojivunia.

Kwa kanuni ya zamani dadu zilitoa 25, 19 na 23, yaani walilala wote, wawili, na wote tena. Kwa kanuni mpya walilala wawili, mmoja, na wawili. Mirusho sita haithibitishi chochote ambacho hesabu haijakisema, lakini safu ya matarajio ilikuwa na habari nyingine kabisa. Upande wa kanuni ya zamani mganga alisema, "Labda wote," kisha "labda wote," kisha "wawili, nimeanza kuogopa." Upande wa kanuni mpya alisema, "Sijui," mara tatu mfululizo. Mrusho wa mwisho ulipomwacha mlinzi mmoja macho, hakulalamika wala hakuuliza lolote kuhusu ulimwengu wetu. Alichukua kadi ya Ndumba ya Usingizi, akaisukuma taratibu mpaka ikanifikia, akasema, "Hii siichukui tena."

Nimeyaandika maneno hayo katika ripoti kama yalivyo, bila sifa na bila kuyapamba, na chini yake nimeweka orodha ya mirusho. Nimeongeza pia maungamo yangu kuhusu talasimu na kuhusu kizuizi, nikimwomba mtunzi azitupe ripoti mbili zilizotangulia.

Kuhusu kisa chenyewe, tumekubaliana jambo ambalo sina hakika kama litadumu. Kanuni ikibadilika katikati ya safari, hatutatafuta sababu yake ndani ya hadithi: tutachukulia kwamba ulimwengu ulikuwa hivyo tangu mwanzo, yaliyokwisha kutokea yamekwisha, na mchezaji ambaye ndumba yake imehamishwa kazi ana haki ya kuibadilisha kwa nyingine bila gharama yoyote. Mchezaji ambaye mhusika wake ni kuhani alipinga kidogo, akasema hiyo ni sawa na kumwambia mtu kwamba nyumba anayoishi ilijengwa kwa matofali mengine na asiulize. Ana haki. Sikuwa na jibu bora, na bado sina.

Kadi nazo zilihitaji adabu. Tunaandika kila ndumba kwenye kadi ndogo, na wiki mbili zilizopita tuligundua kwamba ndani ya bunda moja palikuwa na kadi mbili za ndumba ya Ngao ya Mwanga, moja ya rasimu ya pili na moja ya rasimu ya tatu, na kwamba katika pambano moja ngao hiyo ilidumu mizunguko kumi kwa mtu mmoja na mzunguko mmoja kwa jirani yake. Sasa kila kadi ina namba ya rasimu kwenye pembe, na za zamani zinachanwa kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Wakati tunakusanya vitu ili tuondoke, ukaingia ujumbe wa mtunzi, ambaye alikuwa hajaisoma hata ripoti ya leo. Rasimu ya nne iko tayari, na ndani yake Ndumba ya Usingizi imebadilika tena: anayeshindwa kujinusuru analala, na anayefaulu anabaki macho ila anapepesuka kwa mzunguko mmoja, hawezi kupiga kelele. Niliusoma kwa sauti. Mwenye mganga alikuwa ameshavaa begi mgongoni. Akasimama kidogo, akahesabu kwa vidole, kisha akanyoosha mkono kuiomba kadi yake. Niliichana ile ya zamani mbele yake, nikampa nyingine tupu, naye akaijaza hapo hapo mlangoni, namba ya rasimu kwenye pembe, kwa penseli.